Keria ya Pijo

Keria ni fremu ya chuma inayofungwa juu ya gari ili kubeba mizigo isiyotoshea ndani. Kwenye stesheni wagoni ya zamani kama Peugeot 504, fremu hiyo haitakiwi kugusa bati la paa hata mahali pamoja. Uzito wake, pamoja na uzito wa mzigo, hubebwa na mifereji miwili myembamba inayopita juu ya milango, mmoja kila upande, ile inayomkinga abiria asidondokewe na maji ya mvua anapofungua mlango. Mfereji huo ukikaguliwa kwa karibu huonekana kuwa ni mshono: bati la paa na bati la ubavuni hukutana hapo, yakalaliana na kushikanishwa kwa vitone vya moto vilivyofuatana kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Bati la katikati ya paa ni jembamba. Mtu akiliegemea kwa kiwiko hubonyea. Mshono ndio wenye nguvu. Kuweka keria, basi, ni kazi ya kuupeleka uzito kwenye mshono huo, na kutoka hapo kwenye nguzo zinazotenganisha milango.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay gari la namna hiyo halihitaji kuelezwa sana. Watu wazima wengi wa huko walisafiri ndani ya Pijo, jina ambalo Peugeot imelibeba midomoni mwa Wakenya miaka nenda miaka rudi. Ile 404 ilitoka mwaka 1960, ikashinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, 504, alizinduliwa mwaka 1968 na kushinda mashindano hayo hayo mwaka 1975 na 1978. Ushindi huo uliuza magari, lakini waliokuwa na biashara ya abiria walivutiwa zaidi na umbo la stesheni wagoni yenyewe: urefu wa mita 4.8, mita 2.9 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, safu tatu za viti kwenye toleo la familia, na springi nne nyuma badala ya mbili. Ufaransa iliacha kuunda 504 ya kawaida mwaka 1983, ilhali Kenya iliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000. Siku hizi watu na samaki kati ya Rongo, Rodi Kopany, Ndhiwa na Mbita hubebwa na Toyota Probox, gari lililotoka mwaka 2002. Pijo zilizobaki zimo mikononi mwa wazee waliokataa kuziuza, au mwa vijana wanaozifufua kwa mapenzi tu. Na gari likishafufuka, mwenyewe haoni limekamilika mpaka lipate keria.

Fundi mwenye haraka huanza kwa kukata chuma. Fundi anayeijua kazi huanza na bisibisi. Huipitisha ncha yake ndani ya mfereji, hatua kwa hatua, akidunga taratibu kila baada ya sentimita kumi, kwa sababu mfereji wa gari la miaka arobaini umeshapakwa rangi mara nne au tano na kutu hujificha vizuri sana chini ya rangi. Vumbi jekundu la barabara za mashambani hujaa humo, likanyeshewa, likawa tope linaloshika unyevu hata wakati wa kiangazi. Gari lililowahi kubeba mbuta kutoka ufuoni lina hali mbaya zaidi: maji ya barafu na samaki hutiririka kutoka juu na kusimama mferejini, na maji hayo yana chumvi na uozo wa kutosha kula bati. Ziwa Viktoria ni maji baridi, kwa hiyo hewa ya Homa Bay yenyewe haina ubaya wa hewa ya bahari. Lakini Pijo iliyoishi Mombasa kabla ya kuletwa ziwani hukaguliwa mara mbili.

Mahali bisibisi inapozama hapawekwi mguu wa keria. Kutu ikiwa ndogo na iko mbali na nguzo, hukwanguliwa, hupakwa dawa na kuzibwa. Ikiwa iko juu ya nguzo hasa, kipande hukatwa na kuwekwa bati jipya na fundi wa bodi kabla ya mambo ya keria kutajwa. Na mshono ukiwa umevimba, yaani mabati mawili yameachana na mstari wa kahawia unaonekana katikati yao, gari hilo halifai kubeba kitu juu. Hapo wenye magari hubishana sana. Huonyesha kwamba mlango unafunga vizuri, kwamba paa halivuji, kwamba keria ya zamani ilikaa hapo hapo miaka kumi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na mshono bado ukafunguka siku gari litakaporuka tuta la barabarani likiwa na gunia juu.

Baada ya kutu huja futikamba. Mifereji ya gari haiendi sambamba: paa hupungua upana kuelekea mbele, kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa katikati hakitoshi. Hupimwa juu ya kila nguzo, kutoka mfereji hadi mfereji, na vipimo huchorwa kwa chaki kwenye sakafu ya saruji ili umbo la paa lionekane chini kama lilivyo juu. Mlango wa nyuma wa Pijo ya stesheni wagoni hufunguka kwenda juu. Hufunguliwa kabisa, na mahali ukingo wake unapofikia hutiwa alama, kwa kuwa keria ikipita hapo mlango hautainuka tena zaidi ya nusu. Kosa hili ni la kawaida ajabu. Zipo gari ambazo mizigo ya buti huingizwa kupitia mlango wa abiria kwa sababu keria imeukalia mlango wa nyuma, na wenyewe wamezoea.

Paa pia lina mgongo: katikati ni juu kuliko pembeni. Fremu huinuliwa hivi kwamba juu ya ule mgongo panabaki nafasi ya sentimita tano hadi saba. Mkono wenye kitambaa lazima upite. Pasipopita, vumbi na majani hukaa chini ya keria, hulowa, na rangi ya paa huanza kutoka kama maganda.

Chuma kinachotumika zaidi kwenye vibanda vya jua kali ni bomba la mraba la inchi moja kwa inchi moja, lenye unene wa milimita moja na nusu. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja. Keria ya urefu wa mita mbili na upana wa mita 1.2, yenye fremu ya chini, vyuma vinne vya kukingama, ukuta mdogo wa kuzunguka na miguu, humaliza mita 20 hivi. Ndiyo kusema mabomba manne ya mita sita yenye mabaki, na uzito wa kilo 22 au 23 kabla ya bolti na vibanio. Kwa jumla ni kilo 25. Takwimu hiyo haipendezi, kwa sababu magari mengi ya abiria huruhusiwa na watengenezaji wake kilo 50 hadi 100 juu ya paa, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Keria iliyotengenezwa kwa chuma cha pembe kizito, kama ile ya basi, huweza kumaliza nusu ya ruhusa hiyo kabla hata kuku mmoja hajapandishwa. Wapo wateja wanaoidai hivyo hivyo kwa sababu inaonekana ya kiume. Inaonekana, ndiyo, lakini haiongezi kitu. Mshono wa paa haujui kama uzito unatoka kwenye chuma au kwenye mahindi.

Sehemu inayotofautisha fundi na fundi ni wayo wa mguu, kile kipande kidogo kinachokaa ndani ya mfereji. Hakuna kipimo cha kitabu kwa sehemu hiyo, maana mfereji wa kila gari umegongwa na kunyooshwa kwa namna yake. Njia ya kuupata ni kadibodi. Kipande cha boksi hukatwa kwa makasi, husimamishwa mferejini, hupunguzwa pale kinapogota, hurudishwa, hupunguzwa tena, mpaka kinapoketi bila kucheza. Ndipo umbo lake linapohamishiwa kwenye chuma bapa cha unene wa milimita tano. Wayo hufanywa mrefu, sentimita kumi au zaidi, uulalie mfereji kwa urefu wake wote. Wayo mfupi wa sentimita tatu hukanyaga sehemu moja na kuikunja. Kwa nje huja kibanio: chuma kingine kilichopindwa kama ndoano, kinachoingia chini ya mdomo wa mfereji na kuvutwa juu na bolti ya milimita nane. Bolti ikikazwa, wayo na ndoano huuma mdomo wa mfereji katikati yao kama koleo. Chini ya wayo hulazwa utepe mwembamba wa tyubu ya tairi ili rangi isikwanguke. Utepe mnene haufai. Hupondeka siku hadi siku, na kila unapopondeka bolti hulegea.

Miguu huwa sita au minane, na mahali pake ni juu ya nguzo, si katikati ya dirisha. Stesheni wagoni ina nguzo nne kila upande, kwa hiyo minane hukaa vizuri, ule wa mbele ukiwekwa nyuma kidogo ya pale mfereji unapoanza kuinama kufuata kioo. Keria na mzigo wa kilo 100 kwa pamoja zikigawiwa miguu minane, kila mmoja hupata kilo 12 na nusu. Gari likidunda kwenye tuta au shimo, kiasi hicho hupanda mara mbili au zaidi kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo sababu ya kutoridhika na miguu minne, ingawa minne inatosha gari likiwa limesimama.

Kuchomelea hufanyika chini, kwenye ule mchoro wa chaki. Fremu hushikizwa kwanza kwa vitone, hupandishwa na watu wawili ili kujaribiwa, hushushwa, hurekebishwa, ndipo mishono hujazwa moja kwa moja. Mashine ya kuchomelea haitakiwi kutumika juu ya gari. Cheche zinazoruka hudunga vioo vitundu vidogo vidogo visivyofutika, hutoboa kitambaa cha dari kwa ndani, na umeme wake unaweza kuharibu jenereta ya gari ikiwa betri haijachomolewa. Pale fundi anapodai hana njia nyingine ila kushikiza kitone kimoja juu kwa juu, nyaya za betri hutolewa kwanza na paa hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa.

Kutoboa paa ni ubaya wa namna yake. Baadhi ya mafundi huona mfereji ni usumbufu, wakapitisha bolti nne kwenye bati na kuweka nati ndani, juu ya kitambaa cha dari. Siku ya kwanza keria hiyo huonekana imara kuliko zote. Baadaye bati huanza kupanuka kuzunguka kila tundu kwa sababu halikuundwa kubeba, maji hupenya, kitambaa hupata madoa ya mviringo, na kutu huanzia ndani mahali pasipoonekana. Tundu likishatobolewa kwenye paa la Pijo halizibiki vizuri tena. Magari mengi mapya hayana mfereji wa aina hii, na keria zake hushikwa kwa njia nyingine; lakini mwenye 504 anao mfereji, na kutoboa ni kuharibu gari ambalo lingeweza kuhudumiwa bila tundu hata moja.

Rangi huenda haraka: mishono husuguliwa kwa grainda, hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Jambo moja husahauliwa. Bomba lililo wazi upande mmoja hunywa maji ya mvua na kuozea ndani, hivyo ama ncha zote hufungwa kabisa kwa bati, ama vitundu vidogo huachwa upande wa chini ili maji yatoke. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huonyesha ni lipi lililofanywa.

Siku ya kufunga, bolti zote huingizwa kwa vidole kwanza, kushoto na kulia, bila kukaza hata moja. Fremu hupimwa isipinde upande. Ndipo hukazwa kidogo kidogo kwa mzunguko, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto, kama tairi inavyofungwa. Spana fupi yatosha. Anayeongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu huukunja mfereji na kuharibu alichokuja kukishika. Nati zenye plastiki ndani hushika vizuri kuliko washa peke yake. Baada ya safari ya kwanza, tuseme kutoka Migori hadi Rongo, zote hukazwa tena, maana utepe wa mpira utakuwa umelala.

Mzigo wenyewe ndio huleta ugomvi. Gunia la mahindi la kipimo cha Kenya lina kilo 90. Gunia moja tu, likijumlishwa na keria, linavuka mpaka wa juu kabisa wa magari mengi, wakati desturi ya barabarani imezoea kuona mawili, na viazi vitamu vya Kabondo juu yake. Omena ni rafiki mwema wa keria: imekaushwa juani, hujaza gunia bila kulifanya zito, na harufu yake hubaki nje. Godoro, baiskeli, vikapu vitupu na viti vya plastiki vyote ni mizigo ya juu. Saruji, sukari, mahindi na mitungi ya gesi ni mizigo ya ndani, sakafuni, kati ya ekseli mbili. Kila kilo inayowekwa juu huinua kitovu cha uzito, na Pijo iliyojaa abiria na kubeba kilo 80 juu huyumba kwenye kona kwa namna ambayo dereva wake hakuizoea, hasa kwenye miteremko ya kushuka kuelekea ziwani.

Kuna mzigo mmoja usiopimwa kwa hesabu ya biashara. Kwa miaka mingi Waluo waliofia mbali walirudishwa nyumbani kuzikwa, na jeneza lilifika Migori au Homa Bay likiwa juu ya keria, matawi yakiwa yamefungwa mbele ya gari. Jeneza na mwili kwa pamoja huweza kuzidi kilo 100. Keria ya mita mbili inalitosha kwa urefu, lakini miguu yake ni lazima iwe minane, na kamba zipite mbele na nyuma ya jeneza, si juu yake tu, kwa sababu gari likifunga breki ghafla mzigo wa kilo 100 husukuma mbele kwa nguvu inayofikia kilo 70. Kamba iliyopita juu peke yake huushikilia mzigo chini bila kuuzuia kuteleza. Blada, ile mipira ya tyubu iliyokatwa mistari, hufaa kwa vitu vyepesi. Kwa kitu kizito hunyumbuka wakati hasa ambapo haitakiwi kunyumbuka.

Upepo nao ni mzigo. Mzigo wenye uso wa upana wa mita 1.2 na kimo cha nusu mita, gari likienda kilomita 80 kwa saa, husukumwa nyuma kwa nguvu ya takriban kilo 17. Kwenye kilomita 110 nguvu hiyo hukaribia kuwa maradufu, kilo 32 hivi, kwa sababu huongezeka kwa mraba wa kasi. Turubai lililolegea hupokea upepo kama tanga la jahazi na kuinua ncha ya mbele ya keria. Hivyo turubai hufungwa likabane, na mzigo mfupi hutangulizwa mbele ili upepo upande taratibu. Keria tupu hupiga mluzi. Dawa yake ni kamba nyembamba inayozungushiwa chuma cha mbele kama nyoka kwenye mti: upepo huvunjika vipande na mluzi hukoma. Mafuta yataendelea kuliwa zaidi hata hivyo, mzigo uwepo usiwepo.

Watu hawapandi kwenye keria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza kusafiri mahali pa hatari kwenye gari, na hata bila sheria, mtu mzima wa kilo 70 anayehama upande huu na ule ni mzigo mbaya kuliko gunia linalolala.

Mwenye Pijo anayebeba mara chache hufanya vyema kuishusha keria na kuitundika ukutani mpaka itakapohitajika. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, hata ile isiyoshushwa hutolewa, nyayo husafishwa, utepe wa mpira hubadilishwa na mfereji hupitiwa tena kwa bisibisi. Ni kazi ya watu wawili na muda usiozidi saa moja. Bolti zote nane za milimita nane hufunguliwa kwa spana namba 13, na mahali pa spana hiyo ni ndani ya gari, chini ya kiti cha dereva.